Chumvi

Jana jioni mtoto wa dada yangu alikaa kwenye ngazi ya uani na embe bichi, chumvi na pilipili vikiwa kwenye kipande cha gazeti. Yeye haonji chumvi kama watoto wengine, anaichovya mpaka embe linageuka jeupe. Akaniuliza huku macho yakiwa kwenye embe: "Mama mdogo, siku nilipozaliwa, watu walipouliza ni mtoto gani, mliwajibu nini?"

Nikamwambia, "Tulisema ni mtoto." Akacheka, akaendelea kutafuna. Mimi usingizi ukapaa. Leo asubuhi nimemwomba ruhusa niandike. Kakubali, ila jina lake nisiliweke.

Ilikuwa masika ya 2012, nyumba ile ile ya Buguruni. Dada alirudi kutoka kujifungua na kadi ambayo penye jinsi palikuwa pameandikwa, pakafutwa, pakaandikwa tena, pakafutwa tena. Aliambiwa arudi baada ya mwezi. Kwa nini, hakuambiwa.

Wageni wakaanza kuja, na kila aliyeingia chumbani alifunua khanga. Mashangazi, majirani, hata mke wa mwenye nyumba. Wanafunua, wananyamaza, wanafunika, kisha wanamgeukia dada kama vile kaiba kitu. Uani tukasikia neno ushoga likitajwa, kwa mtoto wa siku tano! Lile neno liliniuma na linaniuma hadi leo, maana watu wanachanganya mambo matatu. Mwili ulivyoumbika ni jambo moja. Mtu anavyojijua moyoni mwake ni jambo la pili. Atakayempenda akikua ni la tatu kabisa, na hakuna moja linalokujibia jingine.

Babu naye alikwama kwenye akika, ile ada ya Kiislamu ya kumchinjia mtoto mchanga: wa kiume mbuzi wawili, wa kike mmoja. Akaenda kwa sheikh wake, mzee wa makamo yake. Sheikh hakushtuka. Alimwambia huntha, yaani mtu ambaye mwili wake hauko wazi kama ni wa kike au wa kiume, yumo kwenye vitabu vya fiqhi, sheria za dini, tangu kale, hadi safu yake ya swala imetajwa, nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Babu akapanda gari kwenda mnadani Pugu, akarudi na mbuzi wawili. "Akizidi mmoja ni sadaka," akasema, na siku hiyo hakuna aliyembishia.

Siku ya kumi na mbili mtoto akaanza kutapika. Utosi ukabonyea, bibi akaupaka dawa. Usiku akawa analia bila sauti. Tukapakia bajaji, mvua inanyesha, dada amemkumbatia kifuani, mimi nimeshika mfuko wenye ile kadi.

Tulipofika, daktari aliyekuwa zamu alinyoosha mkono, na dada, kwa mazoea ya zile siku, akawahi kumfunua mtoto chini. Daktari hakuangalia huko. Alimbinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa. Akagusa utosi. Akapitisha kidole mdomoni, kikatoka kikavu. Ndipo akatazama kule ambako sote tulikuwa tukitazama, mara moja tu, kisha akachukua ncha mbili za khanga akamfunika, taratibu, akaichomeka vizuri pembeni ili isifunuke. Akamgeukia muuguzi: "Dripu ya chumvi, haraka."

Dada akamshika mkono: "Daktari, ni wa kike au wa kiume?"

"Mama, mtoto wako anapoteza chumvi. Tumpe chumvi kwanza."

Mengine tulielezwa baadaye. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Zake zinashindwa kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, na homoni ya kuzuia chumvi isitoke na mkojo, badala yake zinamwaga homoni za kiume kwa wingi tangu akiwa tumboni. Vipimo vya kromosomu vilionyesha XX, ambazo kwa kawaida ni za kike. Akapewa haidrokotisoni na fludrokotisoni, dawa za kufidia zile homoni mbili anazokosa, za kumeza maisha yake yote, dozi ya haidrokotisoni ikipanda akipata homa. Kwenye maziwa tulimtilia chumvi kidogo. Tuliambiwa tumlee kama msichana, na upasuaji usio wa lazima usubiri mpaka mwenyewe awe na kauli, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Cheti kikaandikwa Ke.

Siku saba tulibishana kuhusu mbuzi, na ile kadi iliyofutwa-futwa ilikuwa inatuonya. Ningejua, ningemkimbiza siku ile ile. Hili sijalisamehe vizuri, wala sijui nimsamehe nani: aliyefuta bila kueleza, au sisi tuliofunua kila siku na tusione.

Januari anaanza kidato cha kwanza. Fomu ina visanduku viwili, Me na Ke. Dada anataka tuweke Ke kama cheti kinavyosema. Mwenyewe kasema tumwachie peni, atajaza akiwa tayari. Ninavyoandika hapa fomu iko mezani, juu yake kuna kopo la dawa ili upepo wa feni usiipeperushe.