Nilivyoelewana na mwiko wa mashine

Kila fundi niliyemwuliza jinsi ya kutumia mwiko wa mashine, ile mashine ya kulainisha sakafu ya zege yenye injini ya petroli juu na mapanga manne chini, alinijibu kwa maneno mawili: "Washa, sukuma." Hilo "sukuma" lilinigharimu mgongo, kodi ya mashine ya siku mbili za bure, na hasira ambayo hadi leo haijanitoka. Mashine hii haisukumwi!

Niliyokodi ilikuwa ya upana wa sentimita 90, mzigo wa watu wawili kuishusha garini. Nikaishika mpini kwa nguvu zote, nikaongeza moto wa injini, nikaegemea mbele kama mtu wa mkokoteni aliyekwama mchangani. Ikaenda kulia. Nikaukandamiza mpini ili kuituliza, ikazidi kwenda kulia mpaka ringi ya kinga ikagonga ukuta. Niliachia kila kitu, na hapo ndipo nilipojua thamani ya kile kishikio cha usalama: ukikiachia, mapanga yanasimama. Nimewahi kuona mashine ambayo kishikio hicho kimefungwa kwa kamba ili mikono isichoke. Usiiguse. Mapanga yakikwama na wewe umeteleza, mpini ndio unaoanza kuzunguka, na mpini huo ni bomba la chuma lililo usawa wa mbavu zako.

Usiku nilikaa na penseli nikachora, na mchoro ulinifundisha kuliko mafundi wote. Ukiyatazama kutoka juu, mapanga yanazunguka kama mshale wa saa. Kwa hiyo yale yaliyo karibu na miguu yako wakati wote yanakwenda kushoto. Ukikandamiza mpini, uzito unayalalia hayo. Yanasugua zege kuelekea kushoto na mashine inajitupa kulia. Ukiinua mpini, uzito unahamia upande wa mbali, mashine inakwenda kushoto. Ukiupinda kulia, inakwenda mbele. Ukiupinda kushoto, inarudi kwako. Na ni kupinda kidogo tu.

Kesho yake nilifanya jambo ninalojivunia. Nilifunga mapanga yaliyokwisha, nikaipeleka mashine kwenye sakafu kuukuu ngumu, nikamwaga maji ndoo kadhaa, nikawasha kwa mwendo wa chini. Utelezi ule ukawa mwalimu wangu. Kila niliposukuma, mashine haikwenda popote. Miguu yangu ndiyo iliyorudi nyuma. Ikabidi mikono ilegee. Nilipanga matofali sita nikawa napita katikati yake, kushoto kwa kuinua, kulia kwa kukandamiza. Baada ya saa moja hivi nilipita yote bila kugusa hata moja, na jasho halikuwepo. Kama unajifunza, jifunze hivyo, usijifunzie kwenye zege la mteja.

Kuiendesha, basi, nilikuwa nimeweza. Kilichobaki ni kujua saa ya kuipandisha juu ya zege bichi, na hapo ushauri mbaya ukanipata tena. Tulimwaga sakafu ya stoo. Juu kulikuwa bado kunameta maji, fundi mmoja akanihimiza: "Ingia sasa, zege litakukimbia. Likiwa limelowa, nyunyiza simenti kavu." Nikaingia, nikanyunyiza. Jioni sakafu iling'aa, wote wakasifu. Wiki chache baadaye ikaanza kubanduka magamba membamba, na ukifagia unafagia vumbi la simenti lisiloisha. Zege bichi hutoa jasho: mchanga na kokoto vinazama, maji yanapanda. Ukisugua kabla jasho halijakauka, unayafungia maji na hewa chini ya ngozi ya juu, na yale uliyoyachanganya humo yanaidhoofisha ngozi yenyewe. Nilivunja sehemu kubwa ya sakafu ile kwa mikono yangu.

Mara iliyofuata, ukumbi mzima, nilikataa kuharakishwa. Nilisubiri ule mng'ao wa maji upotee, kisha nikakanyaga kwa buti. Alama ikizama kama milimita 5, ingia na sahani, ile ya duara inayofungwa chini ya mapanga. Ikizama zaidi ya hapo, rudi kivulini ukae. Upande uliopigwa na jua na upepo ulikuwa tayari mapema kuliko upande wa kivuli, kwa hiyo sikuanzia mlangoni kama walivyotaka, nilianzia lilipokaza.

Sahani hiyo inasawazisha na kuzamisha kokoto. Ilipomaliza niliitoa, nikapita na mapanga yakiwa yamelala karibu flati. Wengi wanayainamisha mapema wakitaka kung'arisha haraka, zege bado laini, ndiyo maana unaona sakafu zenye mawimbi kama bati. Mimi niliinua pembe ya mapanga kidogo kila mzunguko, na moto nikauongeza taratibu zege lilivyozidi kukaza. Kila mzunguko ulikata ule uliopita kama msalaba, kila mstari ukilalia nusu ya mwenzake. Mwishoni nilikuwa narudi kinyumenyume ili mashine ifute nyayo zangu. Pembeni na kwenye nguzo ni mwiko wa mkono, hakuna njia nyingine, na usisubiri mpaka katikati kuishe maana pembeni kutakuwa kumekauka.

Sauti pia inabadilika. Mwanzo ni kama kupaka udongo, mwisho chuma kinalia juu ya zege. Ukianza kuona michirizi myeusi, toka, sakafu haitaki tena. Na milango iwe wazi muda wote. Moshi wa petroli ndani ya nyumba unaua.

Tulimaliza usiku wa manane. Niliosha mapanga kabla simenti haijashika, kisha asubuhi tukafunika sakafu kwa nailoni na kuilowesha siku 7. Tulipofunua, nilipiga magoti nikaisugua kwa kiganja kutoka ukuta hadi ukuta. Kiganja kilitoka kisafi.