Dume alipanda vizuri, majike hayakushika mimba

Nafuga ng'ombe wa maziwa Muheza, mkoani Tanga. Kwetu huku ukanda wa chini, miezi ya Desemba hadi Machi ni mateso kwa ng'ombe. Maziwa hupungua na kila mfugaji huliona hilo. Kinachotokea kwenye korodani za dume hakionekani kwa macho, na ndicho kilichonipotezea karibu msimu mzima wa mimba.

Dume wangu wakati huo alikuwa chotara mwenye damu nyingi ya Friziani. Mwezi wa tatu, majike niliyoamini yameshika yakaanza kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena, moja baada ya jingine, kila baada ya siku 21 hivi. Dume mwenyewe anakula, ana mwili, anapanda kwa nguvu. Jirani mmoja akasema majike yamekuwa tasa, mwingine akanishauri dume apelekwe mnadani. Nikamwita daktari wa mifugo.

Alichukua damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba, akakagua vizazi vya majike, kisha akakinga mbegu za dume kwa uke bandia na kuzitazama kwenye hadubini palepale. Akaniita nichungulie. Mbegu chache zilikuwa zikisonga mbele. Nyingi zilizunguka papo hapo, nyingine mikia imejikunja, nyingine vichwa vimeachana na mikia. Dume wa kutegemewa anatakiwa asilimia 70 ya mbegu zake ziwe na umbo zima na walau 30 zisonge mbele. Wangu hakufikia kote kuwili.

Mwili wa ng'ombe una nyuzi joto 38.5 hivi, lakini korodani zinataka kuwa chini ya hapo kwa nyuzi 2 hadi 6. Ndiyo sababu zinaning'inia nje. Mshipa unaoshusha damu umezungukwa na mishipa inayopandisha damu iliyokwisha kupoa, hivyo damu hufika chini ikiwa imepungua joto. Mfuko nao hulegea na kutoa jasho. Sasa, kwenye hewa nzito ya Februari kwetu, jasho hilo litakaukia wapi? Korodani zikichemka, huzaliwa kemikali zinazotafuna utando wa mbegu na vinasaba vyake. Mbegu ya namna hiyo huweza hata kurutubisha yai, kisha kiinitete kikafa mapema bila mfugaji kujua.

Jambo lililonifungua macho ni muda. Mbegu ya ng'ombe hutengenezwa kwa siku 61 hivi, kisha hukaa wiki moja hadi mbili ikikomaa kabla ya kutoka. Kwa hiyo jua la Januari huonekana kwenye mimba za Februari na Machi, wakati mwingine hali ya hewa imeshapoa na hakuna anayelikumbuka. Homa ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, hufanya vivyo hivyo, maana mwili wote unachemka. Nadhani madume mengi mazuri yameishia buchani kwa kutojua hesabu hii.

Basi sikumuuza. Nilimpumzisha, na majike nikayapandisha kwa chupa, yaani kwa uhamilishaji bila dume, kwa mbegu za kituo cha Usa River, Arusha. Nilimwomba mhamilishaji aje jioni, na jike likishapandishwa halikutoka kivulini, kwa sababu kiinitete cha siku za mwanzo nacho hakivumilii joto.

Banda lilikuwa na bati la chini, ukisimama humo saa nane mchana unaungua utosi. Nililiinua, nikatandika makuti juu yake na kubomoa ukuta wa upande unaotoka upepo. Maji yakawa ndani ya banda usiku na mchana. Malisho yakawa alfajiri, na majani mengi nikayatoa baada ya jua kuzama, kwani tumbo likisaga chakula huzalisha joto lake.

Mwezi wa sita daktari alirudia kipimo na dume akapita, nikamrudisha kazini. Mitamba niliyobakiza naielekeza kwenye damu ya Sahiwal, ng'ombe anayestahimili hari kuliko Friziani. Dume sasa anapimwa Novemba kabla ya kiangazi, na tena mwishoni mwa Februari, na majibu ya Februari ndiyo yanayoamua nani apande mwezi wa tatu.