Nilitamani kukaripiwa

Watu wakisikia kwamba nilisomea baleti Urusi, maswali huwa ni yale yale: vidole vya miguu na baridi. Vidole viliuma, vikachubuka, vikazoea. Baridi dawa yake ni koti. Kilichonitesa mimi ni kunyamaziwa na mwalimu, na hilo hakuna aliyenionya kabla sijapanda ndege.

Shule siitaji, maana niliowakuta wengi bado wapo. Niseme tu ni moja ya zile ambazo mtoto hukaguliwa mwili kwanza: nyonga zinafunguka kiasi gani, mgongo unakunjika vipi, kiganja cha mguu kina tao au hakina. Huingia wakiwa na miaka 10 hivi, kwa masomo ya miaka 8. Mimi niliingia na miaka 16, mwanagenzi wa kigeni wa kulipa ada, katikati ya wasichana waliokuwa wamekulia humo.

Sasa, kila darasa huanzia kwenye mti wa ukutani, ule tunaoushika tukifanya plie, yaani kukunja magoti, na kwenye mti huo kila mtu ana mahali pake. Hapajaandikwa popote, ila hata mtoto wa mwaka wa kwanza anapajua. Wanaotegemewa husimama katikati, usawa wa kioo, ambapo mwalimu akiinua macho tu amewaona. Kadiri matumaini yanavyopungua ndivyo mtu anavyosogezwa pembeni. Sisi wageni tulikuwa mwisho kabisa, kwenye mti wa kuhamishika karibu na mlango, na huko marekebisho hayafiki. Mwalimu anapita, anamgonga mmoja goti, anamfokea mwingine mgongo, anamshika wa mbele yako bega na kuliteremsha. Akifika kwako, macho yanapita juu yako na yeye anapita nayo.

Mimi nikajua mambo yangu ni safi! Kule nilikotoka, mwalimu asiposema kitu maana yake umepatia. Aliyenizindua ni mwenzangu wa chumba, Mjapani aliyenitangulia mwaka mmoja. Tulikuwa bwenini tunashona riboni za viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole, naye akaniuliza bila kuinua kichwa kama mwalimu ameshawahi kunigombeza. Nikasema hapana, kwa fahari kidogo. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye sindano yake.

Kuanzia hapo nilitaka kugombezwa kuliko nilivyotaka kusifiwa.

Na sababu za kugombezwa zilikuwa tele. Nilifika na vyeti vya Royal Academy of Dance ya London, alama nzuri tu, nikadhani baleti ni moja. Hatua zina majina yale yale ya Kifaransa dunia nzima, kwa hiyo darasani hupotei lugha hata kama Kirusi chako ni cha kuombea chumvi. Unapotea mikono. Katika mfumo wa Agrippina Vaganova, mwalimu wa baleti wa Kirusi, ule alioupanga kwenye kitabu chake cha 1934, mikono ina nafasi tatu, na ya tatu ni juu ya kichwa. Kwa Waingereza hiyo ya juu ni ya tano, na ya tatu ni mkono mmoja mbele na mwingine ubavuni. Mwalimu akisema ya tatu, mikono ya darasa zima inapanda pamoja, wangu mmoja unanyooka pembeni kama mtu anayesimamisha gari.

Ukumbi wenyewe nao una namba. Kwa Warusi, 1 ni mbele katikati, waliko watazamaji, kisha unahesabu ukizunguka kwa mkono wa kulia hadi 8. Mimi 1 yangu ilikuwa kona. Kichwani unaelewa siku ile ile; shingo na mabega ndivyo vinavyokataa, kwa sababu vilifundishwa kabla hujaanza kufikiri. Wenzangu mambo haya waliyamaliza wakiwa na miaka 10, wameelekea ukutani, mikono yote miwili juu ya mti, polepole, wiki baada ya wiki. Huwezi kumlaumu mwalimu wa darasa la wakubwa asiporudi huko kwa ajili yako. Mimi nilimlaumu hata hivyo.

Halafu sakafu. Jukwaa la Mariinsky, jumba la baleti la St Petersburg, limeinama kuelekea watazamaji, la Bolshoi ya Moscow vilevile, kwa hiyo na ukumbi tuliofanyia mazoezi ulijengwa umeinama. Ukisimama kwa ncha uzito unakuvuta mbele, na usiporudisha mgongo unaondoka. Pirueti, mzunguko wa kusimama mguu mmoja, niliyokuwa naiamini kwenye sakafu bapa ikaanza kutembea. Naanzia katikati, namalizia jirani na piano. Mpiga piano, mama mmoja mkimya aliyecheza kila darasa tangu plie ya kwanza hadi mwisho, alikuwa akivuta kikombe chake cha chai akiniona nakuja.

Kazi niliyoimudu mapema ni kunyunyiza maji. Sakafu ni ya mbao, na kabla ya darasa wa zamu huinyunyizia kwa kopo la kumwagilia maua ili viatu vishike. Ni kazi yenye ufundi wake. Maji yakizidi, satini inaloa na ncha ya kiatu inalainika kabla ya wakati wake, na kiatu cha ncha hata kikavu hakina maisha marefu. Yakiwa haba, kuna atakayeteleza kwenye mzunguko. Unatembea kinyumenyume, mkono unachora duara dogo dogo, unaacha alama za matone zilizolingana hadi mlangoni. Nilikuwa nachukua zamu za wenzangu. Wao walidhani ni wema. Mimi nilitaka kuwa ukumbini mwalimu anapoingia, nimpe ile salamu ya kukunja goti ambayo kila mwanafunzi humpa mkubwa, aone uso wangu peke yake.

Haikusaidia, kusema kweli. Kilichosaidia ni wizi. Nikaanza kuchukua marekebisho ya watu. Akimwambia wa katikati ashushe mbavu, nazishusha zangu kule mlangoni. Akimwambia wa mbele yangu kwamba kisigino kinachelewa, nawahisha changu. Jioni nayaandika yote kwenye daftari. Wachezaji wengi hufanya hivyo, nilikuja kujua, lakini mgeni hulazimika kuishi kwayo.

Ikafika asubuhi moja, tukiwa kwenye adajio, zoezi la mwendo wa polepole, mguu hewani, mwalimu akasimamisha piano. Akaja hadi kwenye mti wetu wa mlangoni, akanishika kiwiko cha kushoto, akakizungusha kwa vidole viwili, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kwamba kiwiko hiki kimemchosha tangu vuli. Tangu vuli! Kumbe alikuwa akikiona. Nilishikilia mguu juu hadi paja likatetemeka, na nilishindwa kuuzuia mdomo usicheke. Kwa kucheka huko nikagombezwa mara ya pili.

Sikusogezwa katikati baada ya hapo, msinielewe vibaya. Nilipanda mahali pawili kutoka mlangoni. Orodha ya maonyesho ya majira ya baridi ilipobandikwa, wageni wengi tulikuwa wa akiba, tukijifunza nafasi za watu ambao hawaumwi kamwe. Hilo liliniuma na bado naliona si haki, kwa kuwa ada tulilipa sisi. Nikipita kwenye korido yenye picha za wakuu wa zamani wa baleti ya Urusi nilikuwa nahesabu: Marius Petipa, mzaliwa wa Marseille, aliyefika St Petersburg 1847, Christian Johansson, Msweden, Enrico Cecchetti, Mwitaliano. Na shule ya kwanza kabisa ya baleti Urusi, iliyoanzishwa 1738 kwa amri ya Malkia Anna, ilikabidhiwa Mfaransa, Jean-Baptiste Landé, na watoto 24 wa watumishi wa ikulu. Wageni watupu ukutani, na sisi wa akiba chini yao. Bwenini kila mtu alijua pia habari za David Hallberg, Mmarekani aliyesoma mwaka mmoja katika shule ya Opera ya Paris, na ambaye mwaka 2011 alikuwa Mmarekani wa kwanza kuingia Bolshoi kwa cheo cha juu kabisa. Tulilitaja jina hilo hasa siku orodha zinapotoka.

Ndiyo maana binti akiniuliza leo kuhusu shule hizi, simwambii habari za vidole. Namwambia aiulize shule, kwa maandishi, kama wageni wanawekwa darasa moja na wenyeji au wanatengewa lao, nani hasa anawafundisha, kama watakaa mbele ya jopo la mtihani na kupewa alama, na kama mwisho wake ni stashahada au ni cheti cha kuhudhuria tu. Shule ikijibu maswali ya ada haraka na haya ikayaruka, atafute nyingine.