Barzilai alipomkatalia mfalme

Somo: 2 Samweli 19:31-39

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Daudi alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu, alifika Mahanaimu na watu wake wakiwa na njaa, kiu na uchovu. Mmoja wa waliompokea ni Barzilai Mgileadi, tajiri wa Rogelimu. Vita ilipokwisha, mfalme akataka kulipa fadhila: twende tuvuke Yordani, nikutunze Yerusalemu.

Barzilai akakataa. Alikuwa na miaka 80, akaeleza hali yake bila kuona haya. Chakula hakina ladha tena kinywani, sauti za waimbaji hazisikii, kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Akaomba arudi akafie mjini kwake, penye kaburi la baba yake na mama yake.

Aliyoyataja mzee huyu ndiyo yanayowapata wazee wetu. Masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo mzee anasikia kwamba unasema naye lakini maneno hayashiki, hasa pakiwa na kelele. Ladha hupungua. Hata kiu hupungua, akaishiwa maji mwilini bila kuhisi haja ya kunywa. Basi bibi akisema mboga haina chumvi, si kwamba anamsema mkamwana. Na babu aliyenyamaza mezani siku ya Krismasi huenda hajanuna; ameshindwa tu kufuata mazungumzo yetu.

Linalonigusa zaidi ni Daudi. Alikuwa mfalme, angeweza kuamuru. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, akakubali kumchukua Kimhamu, mtumishi ambaye mzee mwenyewe alimpendekeza aende badala yake, akaahidi kumtendea yale ambayo Barzilai mwenyewe angeyaona mema. Kisha akambusu, akambariki, mzee akarudi kwake.

Sisi tunafanyaje? Watoto wanakubaliana kwenye kundi la WhatsApp kwamba mama ahamie Dar. Nia ni njema kabisa. Mama anafika, anapewa chumba kizuri na televisheni. Asubuhi wote wanaondoka, geti linafungwa mpaka jioni. Hana shamba la kupitia, hana jirani wa kupigana hodi, jumuiya yake ameiacha kijijini. Akianza kuuliza atarudi lini, tunasema mama hana shukrani. Wapo wanaolazimika kuhamishwa kwa sababu ya ugonjwa, nalielewa hilo. Lakini hata huyo aulizwe, maana mwili kuchoka si akili kuondoka.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kutoa pensheni jamii kwa wazee waliofikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Ni fedha ndogo, lakini naiona kuwa jambo kubwa, kwa sababu inaingia mkononi mwa mzee mwenyewe. Akitaka atanunua sukari, akitaka daftari la mjukuu. Haombi ruhusa.

Kanisani nako tunawapa khanga na sabuni siku yao, tunapiga picha. Je, kuna aliyewauliza kama wanayasikia mahubiri? Kuongeza spika hakuwasaidii sana. Kunawasaidia kukaa mbele, msomaji akasoma taratibu, akageuza uso kwao.

Wiki hii, kabla hujatuma hela ya dawa, piga simu uulize: “Mama, wewe mwenyewe ungependa iweje?” Halafu umwache amalize, hata akizunguka kwanza kwenye habari za ng'ombe na misiba ya kijijini.

Tuombe: Ee Bwana, mtunga zaburi alikulilia, “Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache.” Wazee wetu wanaomba hivyo leo, wengine wakiwa peke yao ndani. Tupe masikio ya kuwasikia. Amina.