Daftari la oili

Leo asubuhi, kabla sijafungua banda la kuku, nimechomoa dipstiki ya gari, kile kijiti cha kupimia oili, nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha, nikaichomoa tena. Oili imeshuka kidogo chini ya alama ya juu. Nimeongeza robo lita, nikaandika kwenye daftari tarehe, kilomita na kiasi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza siku hizi, kabla hata ya kuwapa kuku maji.

Nimeulizwa na watu wengi kwa nini nimenunua gari, Toyota Spacio, ninalojua ni bovu. Mama ndiye aliyesema waziwazi zaidi: "Mwanangu, umenunua mgonjwa." Sikumbishia. Naandika hapa jinsi ilivyokuwa, maana kila nikianza kusimulia kwa mdomo watu hunikatiza.

Nina kuku wa mayai 400 hapa Kiboriloni, Moshi. Jumanne na Ijumaa napeleka mayai, trei 35 au zaidi, kwenye migahawa ya mjini, Shanty Town, na duka moja la Marangu Mtoni. Miaka mitatu nimepeleka kwa bajaji. Anayejua matuta ya barabara zetu anajua bajaji ikipita juu yake trei za chini zinakuwaje. Kuna Ijumaa moja ya masika yalivunjika mayai 47. Nilikaa kwenye ngazi ya mgahawa nikichambua mazima kutoka kwenye ute, vidole vinanata, mteja amesimama mlangoni ananisubiri. Siku ile niliamua. Tulipovunja kikoba Desemba, nikajumlisha na nilichokuwa nimeweka, nikawa na milioni 6.

Kwa milioni 6 huchagui gari, unachagua tatizo. Hilo nilielezwa na baba mdogo, aliyeendesha malori ya Moshi na Dar kwa miaka mingi, na ndiye niliyetembea naye kila mahali.

Gari la kwanza niliambiwa na dalali: Toyota Corolla 110, namba za usajili za herufi B, inang'aa, viti vimeoshwa, milioni 4 na laki 6. Baba mdogo alinipa sharti moja tu. "Usimwambie mwenye gari saa utakayofika. Na akikuuliza, mwambie mchana." Tukafika Pasua saa 12 na nusu asubuhi, baridi ya Julai, umande bado uko kwenye kioo cha mbele. Akaweka kiganja juu ya boneti, akanishika mkono, akaweka na changu pale. Boneti ilikuwa ya moto.

Injini iliyolala usiku kucha ndiyo inayosema ukweli. Ikiwaka baridi utasikia kama inagonga, utaona moshi wa kwanza una rangi gani, utajua kama betri na plagi zinafanya kazi. Ikishapashwa, mengi yanajificha. Mwenye gari alisema aliliwasha ili "tusipoteze muda". Nilimwamini nusu.

Tukasubiri ipoe ndipo baba mdogo akafungua kifuniko cha rejeta. Maji matupu, rangi ya kutu, hakuna kulanti, ile dawa ya kupoza injini, hata tone. Alipoliwasha, feni ikaanza kuzunguka saa ileile, wakati feni ya gari lile hutakiwa kungoja injini ipate moto. Akainama, akaniita, akanionyesha waya mwekundu uliotolewa pembeni kuunga feni moja kwa moja, ukafungwa kwa utepe mweusi. Tukaendesha mpaka mjini na kurudi, mshale wa joto haukuinuka. "Themostati wameing'oa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesikitika.

Hili nilikuwa silijui, na naona wengi hawalijui. Themostati ni kidude kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Huku kwetu mafundi wengi huing'oa wakiamini nchi ya joto haiihitaji. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Lakini anayeing'oa na kuunga feni moja kwa moja kwa wakati mmoja, mara nyingi anapambana na gari linalochemsha.

Baba mdogo hakusema zaidi. Alielekeza gari Kiboriloni, akaanza kupandisha mlima kwenda Kidia. Kwenye tambarare mshale ulikuwa umelala. Kona ya tatu ukaanza kutambaa. Kona ya tano ukavuka nusu, kisha ukapanda kama umevutwa, ukagusa H. Tukasimama kando ya migomba. Ukiinama ulisikia maji yanachemka ndani kama sufuria ya makande, na mvuke unatoka pembeni mwa kifuniko. Akina mama wawili waliokuwa wanashuka na mikungu ya ndizi wakatupa pole. Mwenye gari, aliyekaa kiti cha nyuma, akasema ni rejeta tu imeziba, kuosha elfu ishirini. Baba mdogo akamjibu kwa upole kwamba rejeta inawezekana, ila na gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, inawezekana, na hedi yenyewe ikiwa imepinda inawezekana pia, na sisi hatuwezi kununua mambo matatu yanayowezekana.

Niliumia siku ile. Gari la mwaka 1998 kuumwa si ajabu. Kilichoniuma ni ule waya mwekundu. Mtu alikaa chini, akafikiri, akaufunga vizuri ili mimi nisione.

Wiki mbili baadaye mteja wangu mmoja akaniambia kuna mwalimu mstaafu Soweto, hapa hapa Moshi, anauza Spacio. Tukaenda. Tulimkuta ameketi barazani, gari halijaguswa, vumbi la jana bado liko juu ya boneti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, karibuni. Kabla hujaliangalia, jua kwamba gari hii inakula oili."

Akafungua dashibodi, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akanipa. Aliliagiza gari mwenyewe mwaka 2013, namba C, na tangu lilipoanza kula oili aliandika kila alipoongeza. Mwandiko wa ubaoni, herufi zimelala upande mmoja. Nakumbuka mstari mmoja: "148,220. Nusu lita. Moshi–Arusha–Moshi." Na mwingine, chini kidogo, wino mwekundu: "Taa ya oili iliwaka Mombo. Nilizembea." Niliusoma mara mbili. Nani anaandika hivyo kwenye daftari ambalo hakuna atakayelikagua?

Injini yake ni 1ZZ-FE, ile ya lita 1.8. Za miaka ya mwanzo zinafahamika kwa ugonjwa huu: ringi za oili kwenye pistoni huganda kwa masizi, oili haikwanguliwi vizuri kwenye kuta za silinda, inapanda na kuungua. Kwa hesabu ya daftari ilikuwa lita moja kila kilomita 1,000, mara nyingine kilomita 800. Ni nyingi, sifichi.

Tuliliwasha likiwa baridi. Likatoa moshi wa bluu kidogo, ukakata. Kila tulipolikanyaga mafuta, ukatoka tena. Baba mdogo anasema ukitoka asubuhi tu halafu ukaisha, shuku valvu sili, vile vizibo vya mpira vinavyozuia oili isipite kwenye valvu. Ukitoka kila unapokanyaga, ni ringi. Hapa palikuwa na dalili zote mbili. Alikaa muda mrefu sikio likiwa karibu na injini, kwa ajili ya ule mstari wa Mombo, akisikiliza kama chini kunagonga kwa kuwahi kukosa oili. Hakusikia kitu. Tukalipeleka gereji, fundi akapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, silinda zote nne zikakaribiana. Kulanti safi, themostati ipo, feni inangoja zamu yake. Tulipandisha Kidia mpaka juu na mshale haukutoka katikati.

Aliomba milioni 5 na laki 8. Tukakubaliana 5 na laki 2. Hiyo laki 8 iliyobaki sikuigusa na sitaigusa: ni ya injini. Fundi ananiambia inatosha kuifungua na kubadilisha ringi na sili, na injini ya mtumba ikilazimu nitaongeza. Makaratasi hayakutusumbua. Kadi ilikuwa kwa jina lake, namba ya chesisi inalingana, faini za barabarani hakuna, mkataba tukasaini na umiliki ukabadilishwa.

Ninachotaka mama aelewe ni hiki. Corolla ile ilikuwa nafuu kwa laki 6, na huenda tatizo lake lilikuwa dogo kweli. Lakini ningekuwa naendesha kwa woga kila kona, nikisubiri kitu nisichokijua. Hili la Spacio nalijua jina, nalijua kiasi, najua linagharimu nini. Kwa wiki naenda kilomita kama 250. Galoni ya oili ya lita 4 nimenunua elfu 48, nayo itanifikisha mbali. Kinachoua injini kama hii ni kusahau, na mimi mtu aliyenipa daftari alinionyesha na siku aliyosahau yeye. Taa ya oili ikiwaka tayari umechelewa. Kwa hiyo naangalia kila siku, gari likiwa limesimama sehemu tambarare, kabla sijaliwasha.

Mayai Ijumaa iliyopita yalifika Marangu yote.

Jana jioni mwalimu alinipigia. Nilidhani kuna karatasi imesahaulika. Akasalimia, akauliza kuku, akauliza mvua, kisha akanyamaza kidogo.

"Inakulaje sasa?"

Nikatoka nje na tochi ya simu, nikafungua dashibodi, nikamsomea mistari yangu minne iliyo chini ya yake. Alinisimamisha kwenye wa tatu, akaniomba nizirudie zile kilomita.