Nilivyochagua kati ya DSLR na kamera ya mfukoni

Megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha) niliziweka kando mapema. Kamera ya mfukoni niliyoonyeshwa Luthuli Avenue, Nairobi, ilikuwa na 20, Canon EOS 1300D ya mtumba, ambayo ni DSLR (kamera kubwa inayobadilishwa lenzi), ina 18, na muuzaji alinisukumia ya 20 kwa sababu hiyo tu. Kinachoamua ni sensa (si ile ya kuhesabu watu, ni kile kipande kinachopokea mwanga). Ya 1300D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Kamera nyingi za mfukoni zina ya takriban 6.2 kwa 4.6. Ukipiga hesabu ya eneo, DSLR inazidi mara kumi na mbili hivi.

Jua likiwaka pale Uhuru Park, tofauti hiyo haionekani kwenye skrini ya simu. Mimi nilitaka picha za harusi kanisani na za sebuleni usiku, kwa hiyo jaribio nililifanyia nyuma kabisa ya duka, kwenye giza. Nenda na memori kadi yako. Zima flashi, weka ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyoongeza nguvu ya mwanga) 1600 kwenye kamera zote mbili, piga boksi moja lenye maandishi madogo, kisha ukazikuze picha nyumbani kwenye kompyuta. Za kamera ndogo zilikuwa na herufi zilizolainika kama zimepakwa rangi ya maji: kamera huzifuta chenga (vidoti vya picha za gizani), na herufi zinaondoka nazo.

Lakini DSLR yenye lenzi ya milimita 18-55 pekee isingenisaidia sana. Ukivuta hadi 55, tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Mwanga wa kanisa ukikulazimisha kupiga kwa 1/30 ya sekunde hapo, mkono wa bibi harusi unaopokea pete utatoka na ukungu. Kizuia mtikisiko hakisaidii, maana kinatuliza mkono wako, si wake. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, ukafika 1/250 kwa ISO ileile. Ubaya wake, kwenye sensa hii inaona kama ya 80, yaani eneo dogo zaidi, na katika sebule ndogo utapiga picha mgongo ukiwa umegusa ukuta.

Ya mtumba ikague bila haraka. Idadi ya picha ambazo shata (pazia linalofunguka kila ukipiga) imepiga haiandikwi ndani ya faili za 1300D, kwa hiyo maneno ya muuzaji kwamba “haijatumika sana” hayana uzito. Tazama raba ya kushikia kama imeachia, na rangi kama imekwaruzika pale juu flashi inapochomekwa. Weka f/22, vuruga fokasi, piga mbingu. Mawingu ya Julai yanafaa kabisa kwa hili. Vidoa vyeusi vinavyobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi juu ya sensa, na hilo husafishika. Kuvu ndani ya lenzi ni habari nyingine: mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili, na ukiona nyuzi kama utando wa buibui, irudishe. Lenzi iliyokaa Pwani naiangalia mara mbili.

Kamera ndogo ina ugonjwa wake. Lenzi hutoka na kuingia kila ukiwasha na kuzima, na chembe ya mchanga ikiingia kwenye zile pete inakwama nusu njia. Fundi akiifungua, bei yake mara nyingi inakaribia ya kamera yenyewe. Ivute na kuirudisha mara kadhaa ukisikiliza: ikisaga, achana nayo.

Anayepiga mchana, nje, na kushukia stendi ya matatu akiwa na vitu vya mfukoni tu, ningemwelekeza kwenye zile zenye sensa ya 13.2 kwa 8.8, kama Sony RX100 iliyotoka 2012. Ila anunue betri ya pili, kwa sababu ndogo hizi huishiwa chaji mapema, wakati 1300D hufikisha picha 500 hivi kwa chaji moja.