Gunia Moja, Nyumba Nne: Tunavyonunua Vyakula kwa Jumla na Majirani

Mume wangu na mimi sote ni waajiriwa, na watoto wetu watatu hurudi kutoka shule kabla yetu. Kwa muda mrefu tulinunua mchele na sukari kwa kilo mojamoja katika duka la mtaani hapa Sinza, Dar es Salaam, jambo lililotulazimu kusimama dukani karibu kila jioni na kulipa bei ya rejareja mwaka mzima, ingawa soko la Tandale, ambako nafaka huuzwa kwa gunia, si mbali na kwetu. Tatizo ni kwamba gunia la kilo 100 ni kubwa mno kwa familia moja isiyo na stoo. Ndipo nilipowaendea majirani watatu tunaotumia ua mmoja, nikawaomba tununue pamoja na kugawana.

Tulichagua vitu visivyoharibika upesi na vinavyopimika bila ubishi, yaani mchele, maharage, sukari, unga wa ngano wa mfuko wa kilo 25 na dumu la mafuta ya kula la lita 20. Nyanya tuliziacha nje tangu mwanzo, kwa kuwa tenga moja huchanganya zilizoiva na mbichi, nzima na zilizobonyea, na hakuna mizani inayoweza kugawa ubora.

Fedha hutumwa kwa simu kabla ya siku ya kwenda sokoni, na asiyetuma hahesabiwi katika safari hiyo. Mshika fedha ni bibi mmoja mstaafu wa nyumba ya mwisho, ambaye kwa miaka mingi amekuwa kijumbe, yaani mkusanyaji wa fedha, wa mchezo wa kuchangiana na kupokezana fedha kwa zamu, na hajui kuona haya anapodai. Jirani mmoja aliwahi kumwambia, “Shikamoo bibi, naomba nilipe mwisho wa mwezi.” Akajibiwa, “Marahaba mwanangu, basi na mchele wako utakuja mwisho wa mwezi.”

Sokoni huenda watu wawili kwa zamu. Nimejifunza kutoridhika na mchele wa juu ya gunia. Naomba uchotwe wa katikati, niangalie chenga na mawe, kisha niulize kama ni mpya au wa zamani, kwa sababu mchele uliotoka kuvunwa hushikana ukipikwa kwa maji mengi, na nyumba yenye shughuli ya pilau haitausamehe. Gunia lazima lipande mizani mbele yetu. Viazi vya lumbesa, yaani vya gunia lililojazwa hadi kufura kupita kipimo chake, hatuvigusi, kwani ujazo wa namna hiyo, ambao Wakala wa Vipimo umekuwa ukiupiga vita, huharibu hesabu ya kila kilo. Mzigo huletwa na guta, chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, na nauli tunaigawa kwa kilo wala si kwa nyumba, maana si haki anayechukua kilo 10 alipe sawa na anayechukua 40.

Kugawana hufanyika uani, wote wakiwapo. Tunapima kwa ndoo ileile, tukiondoa kwanza uzito wake, na pungufu lolote linalotokana na gunia lenyewe na vumbi hugawanywa kwa uwiano wa migao. Maharage huchambuliwa na kuanikwa siku hiyohiyo kabla ya kutiwa katika ndoo zenye mfuniko, la sivyo wadudu huyamaliza kabla yetu.

Nafuu ya fedha ni shilingi mia chache kwa kilo, si ya kujivunia sana. Nafuu ninayoithamini zaidi ni jioni ambazo sasa napita dukani bila kusimama. Nyumba ya tano imeomba kujiunga. Bibi amekubali, ila kwa kuwa gunia moja la mchele kwa nyumba tano halitatufikisha mwisho wa mwezi, itabidi tununue mawili na kukodi kirikuu, gari dogo la mizigo, badala ya guta.